Siku Mama Alipokataa Kusema Asichokiona

Ipo siku moja ya ujana wangu hapa London ambayo hainitoki, mwanangu, na nataka nikusimulie ungali kijana. Najua utanisikiliza kwa Kiswahili na utanijibu kwa Kiingereza, kama mlivyo nyote mliozaliwa huku. Haidhuru. Nijibu utakavyo, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana ni habari ya mama yangu mzazi, Bi Zuwena, na ya mwalimu wangu mmoja, na katika umri wangu wote huu sijaona watu wawili niliowastahi zaidi ya hao.

Sisi tulikuja huku baada ya Mapinduzi. Baba yangu alikuwa karani wa bandarini Unguja, na tulikuwa tukikaa mtaa wa Malindi, mjini. Katika siku zile za mwanzo, wakati hakuna aliyejua nani anatawala, waliingia watu nyumbani wakamchukua, na hakurudi tena. Hatukupewa maiti wala hatukuonyeshwa kaburi. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Mama akanishika mkono tukaenda Mombasa kwa jamaa, tukakaa pale muda mrefu, kisha mjomba wangu aliyetangulia London akatuvuta huku. Tukapanga vyumba viwili Kilburn, juu ya duka la viatu. Mama alikuwa akishonea watu nguo pale pale nyumbani. Mimi nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja, na jioni nikawa nakwenda koleji, kwa sababu skuli yangu ilikatika katikati na sikutaka ibaki hivyo.

Nilichagua historia. Mwalimu wetu alikuwa Mhindi wa Unguja, tena mzaliwa, Mwalimu Kantilal, mtu mwembamba aliyevaa sweta moja msimu wote wa baridi. Alikuwa akija kutoka Tooting, kusini ya London, kwa treni na kubadilisha njiani, na sikumbuki achelewe hata mara moja. Mwanzo nilicheka moyoni. Mtu wa Unguja anawafundisha Waingereza vita vya wafalme wao wa kale! Lakini alipofungua mdomo, wale Waingereza darasani, mpaka tarishi mmoja mkubwa wa mwili aitwaye Terry aliyekuwa akisinzia katika masomo yote mengine, walikaa wima.

Tulikuwa tunasoma vile vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyoitwa Vita vya Mawaridi, wakati koo mbili za kifalme, na zote damu moja, zilipochinjana kwa kugombania kiti. Ndugu alimgeuka ndugu, na mabwana wakubwa wakahama upande huu kwenda ule. Wengine wangeona ni hadithi ya Wazungu wa zamani waliovaa vyuma. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani kichwa kinaniuma.

Jumamosi moja Mwalimu Kantilal akatupeleka Barnet, mwisho kabisa wa reli upande wa kaskazini, penye uwanja wa mojawapo ya vita vile. Hapana cha kuona pale, ni majani na nyumba za watu. Akatusimamisha, akatueleza kwamba vita ile ilipiganwa asubuhi ya Pasaka ndani ya ukungu mzito, watu hawaonani. Kisha akatusomea habari tatu za asubuhi hiyo hiyo moja. Ya kwanza iliandikwa na mtu wa mfalme aliyeshinda. Ya pili iliandikwa na mfanyabiashara wa kigeni aliyekuwa London. Ya tatu iliandikwa na mwanachuoni ambaye hakuwapo, akaandika baada ya miaka kupita, naye ndiye aliyesimulia kwamba katika ule ukungu watu wa upande mmoja waliichanganya alama iliyokuwa kwenye nguo za wenzao na alama ya adui, wakapigana wenyewe kwa wenyewe.

"Haya," akasema. "Yupi mkweli?"

Terry akajibu haraka. "Yule wa mfalme ni mwongo. Kalipwa."

"Huenda," akasema Mwalimu. "Lakini alikuwa karibu na jeshi. Huyu mwongo wako aliona vitu ambavyo mkweli wako hakuviona. Utamtupa?"

Mwalimu akaendelea, na maneno yake ninayo mpaka leo. Alisema asubuhi ile, kabla vita haijaisha, watu waliotoroka walifika London mbio wakatangaza kwamba mfalme ameshindwa. Walikuwa wametoka vitani kweli, na hofu yao ilikuwa ya kweli, na habari yao ilikuwa ya uongo, maana mfalme alishinda. Kwa hiyo usimuulize mtu tu kama ni mkweli, akasema. Muulize alikuwa wapi. Muulize aliona nini kwa macho yake, na nini aliambiwa, na aliyemwambia alikuwa wapi. Muulize alisema lini, kabla au baada ya kujua nani kashinda. Na muulize alikuwa akimwogopa nani, au akitaka kumpendeza nani.

"Na yule mwanachuoni wa zile alama?" nikauliza.

"Hakuwapo, Rukia. Pengine kweli, pengine ni hadithi iliyokuwa ikizunguka. Mimi nimeisoma miaka mingi na bado sijui. Andika hivyo hivyo kwenye mtihani, kwamba hujui, na kwa nini hujui. Watakupa alama."

Wenzangu wakacheka. Tulipokuwa tukirudi kwenye treni akakaa karibu yangu, na mara moja akabadilisha akasema Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha mjini, safi kama cha jirani. Akaniambia duka la baba yake lilivunjwa likachomwa moto katika siku zile zile tulizompoteza baba. Watu walimletea majina ya waliofanya, kila mtu na jina lake, na majina hayakufanana.

"Ukachukua lipi?" nikamuuliza.

"Sijachukua," akasema. "Ingekuwa raha sana kuchukua moja."

Sasa sikiliza lililotokea. Wiki chache baada ya safari ile, mtu mmoja aitwaye Haji Vuai alihamia Kilburn, katika chumba kwenye nyumba ya Mzanzibari mwenzetu. Alikuja na mkewe, naye ni mja mzito wa karibu kujifungua. Walikuwa wameikimbia serikali ya kule nyumbani, maana Haji alikuwa mmoja wao, kisha akakosana nao, na kukosana nao siku zile hakukuwa jambo dogo. Jina lake lilipotajwa kwetu, mama aliacha kushona. Jina lile tulikuwa tunalijua. Ndilo jina tulilopewa la mtu aliyewaongoza wale waliomchukua baba.

Habari ikaenea nyumba kwa nyumba. Watu wakaacha kumwamkia. Mwenye nyumba akamtaka atoke. Na siku moja akaja kwetu Ami Nassor, mkubwa wa Wazanzibari wa mtaa ule. Nataka ulijue hili, Ami Nassor hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepoteza vijana wake wawili, na huku ugenini ndiye aliyekuwa akitutafutia kazi, akitusimamia katika maziko na harusi. Alikaa, akanywa kahawa yake, akasema:

"Bi Zuwena, mtu wako keshapatikana. Jumapili tutakutana kwangu. Wiki ijayo twende Croydon, kwenye lile jengo la Imigresheni, useme ni huyu. Watamrudisha alikotoka. Kule wenzake wanamngoja."

Sote tulijua maana ya kumngoja. Ami Nassor akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye utakayemtafsiria mama yako."

Alipoondoka, mama akarudi kwenye cherehani, lakini hakushona. Mimi, mwanangu, damu ilikuwa inachemka. Nilikuwa nimemwona Haji Vuai dukani, mtu mrefu mwenye kovu shingoni, na nilikuwa nimetamani ardhi immeze. Sikuwa na haja ya kumtetea. Lakini nilikuwa najua kwamba wale maofisa watauliza maswali, na majibu yatapita mdomoni mwangu. Nikakaa karibu na mama.

"Mama, Croydon watauliza kama ulimwona."

"Waambie ndiyo."

"Ulimwona, mama?"

Akanigeukia. "Wewe ulikuwa pale. Nilikuwa nimekukumbatia."

"Mimi nilikuwa nimefumba macho. Wewe uliona nini?"

Basi akaanza kunieleza, na hajapata kunieleza vile tangu tutoke Unguja. Alisema mlango uligongwa, baba akaenda kufungua mwenyewe. Wakaingia watu kadhaa. Mama alikuwa ameinama juu yangu sakafuni, uso wake umeangukia nywele zangu. Aliona miguu. Aliona viatu vya mmoja wao, vya raba, vimelowa. Alisikia sauti moja ya mtu mzima ikisema, "Twende, karani." Alimsikia baba akisema, "Nivae shati." Kisha mlango.

"Na uso?" nikamuuliza.

"Sikuona uso."

"Sasa jina la Haji Vuai lilitoka wapi?"

"Nilipewa Mombasa. Na Bi Maryam, mke wa yule jirani yetu."

"Bi Maryam alimwona?"

"Bi Maryam alikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa dada yake siku ile." Akasita. "Aliambiwa na mpwawe."

"Na mpwawe alikuwa wapi?"

Hapo mama akapiga kofi juu ya meza ya cherehani mpaka mikasi ikaruka. "Unanihoji mimi kama askari! Nani kakufundisha haya?"

Nikamwambia. Nikamsimulia Barnet na ule ukungu, na watu waliofika London mbio wakisema mfalme kashindwa. Nilidhani atanifukuza chumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia tena kwake:

"Rukia, jina lile nimelala nalo miaka yote. Kila nikisali nalitaja. Ukiniondolea hilo, nitamshitaki nani kwa Mungu?"

Niliweka kichwa changu mapajani mwake kama nilipokuwa mdogo, tukakaa hivyo.

Jumapili tukaenda kwa Ami Nassor. Sebule ilijaa watu, wanawake upande wa dirishani, wanaume mlangoni. Mama alikuwa amevaa buibui lake lililotoka Unguja. Kabla hajakaa akasema, "Huyo mtu yuko wapi? Mniitie." Wakashangaa, lakini mwenye nyumba yake akaenda kumwita. Akaja na mkewe, maana mkewe alikataa kubaki. Yule mwanamke alisimama pale na tumbo lake, hakuna aliyempa kiti, mpaka mama akamwinukia akampa chake.

Kisha mama akamtizama Haji usoni. "Ulikuwa wapi siku zile?"

Haji hakukwepa. "Nilikuwa mjini, Bi. Sitakudanganya. Nilishika panga kama wenzangu. Nilikuwa upande wa Raha Leo. Malindi sikufika."

"Nani anajua kama hukufika?"

"Waliokuwa nami wengine wamekufa, wengine wako serikalini. Sina shahidi hapa."

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Si mnaona? Kakiri kushika panga!" Ami Nassor akainua mkono wanyamaze. "Bi Zuwena," akasema, "umesikia mwenyewe. Tupe neno lako tuende."

Mama akasogea mbele. Alikuwa mfupi, bibi mkubwa yule, lakini siku ile alionekana mrefu kuliko wanaume wote waliokuwa mlangoni.

"Neno langu ni hili," akasema. "Walikuja watu, wakamchukua mume wangu. Niliona miguu. Nilisikia sauti, na sauti ya huyu nimeisikia sasa hivi, siwezi kusema ndiyo na siwezi kusema siyo. Jina lake niliambiwa na mtu ambaye hakuwapo, naye aliambiwa na mtu ambaye sijui alikuwa wapi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Nikienda Croydon nitasema hayo, na Rukia atayatafsiri hayo, hataongeza na hatapunguza."

"Bi Zuwena!" Ami Nassor akainuka kitini, macho yamemjaa machozi. "Na haki ya mumeo? Alale hivi hivi?"

"Mume wangu aliandika mizigo bandarini miaka yote wala hajaandika kitu ambacho hakikushuka melini," akasema mama. "Nikimtafutia haki kwa kusema nisichokiona, siku nitakayokutana naye atanigeuzia uso."

Haji Vuai aliweka mikono usoni akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Mama hakumwendea wala hakumpa mkono. Alinivuta mimi tukatoka, na njiani, kwenye ile barabara kuu yenye mabasi, alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukaniuma. Alikuwa amelipoteza lile jina alilolala nalo miaka yote. Nilikuwa naona jinsi anavyotembea bila ya jina hilo, kama mtu aliyeshushwa mzigo na mgongo bado haujajua kunyooka.

Hakuna aliyekwenda Croydon. Ami Nassor alikasirika miezi kadhaa, lakini Idi iliyofuata alikuja mwenyewe kumwamkia mama. Haji na mkewe walibaki, mtoto wao wa kike akazaliwa salama.

Nilipomsimulia Mwalimu Kantilal habari hii, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya ile sweta. Wiki ile ile akaja Kilburn na boksi la mithai, vile vitu vitamu vya Kihindi, kutoka Tooting. Alimwamkia mama, "Shikamoo, Bi mkubwa," akakaa mkekani kama mtu wa nyumbani. Mama akamwambia, "Ndiye wewe uliyemfundisha binti yangu kunihoji?" Mwalimu akasema, "Samahani, Bi." Mama akamjazia kahawa. "Usiombe samahani. Kilikuwa kitu kigumu, lakini kilikuwa kweli. Mimi peke yangu nisingejiuliza." Wakazungumza mpaka alasiri, habari za Malindi na Darajani, nani alikuwa na duka gani, na kila mmoja akimsahihisha mwenzake kwa adabu. Mimi niliwatizama wawili wale, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Mmoja alikuwa na elimu ya vitabu na mwingine alikuwa na ujasiri wa kuitumia pale inapouma.

Miaka ilipita. Akaja London kutoka Unguja mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa akikaa nyumba ya mbele yetu kule Malindi. Alikuja kumzuru mama, na mama akamuuliza kuhusu siku ile. Yule bibi akasema aliwaona wale watu kutoka dirishani kwake juu, na aliyetangulia alimjua, kwani alikuwa akiuza maji mtaani. Akamtaja. Alikuwa mtu mwingine kabisa, na alikwisha kufa. Mama akamuuliza mara mbili kama alimwona mwenyewe au aliambiwa. Akaapa alimwona. Mama akalia siku ile, na kesho yake akaniambia nimpeleke kwa Haji Vuai.

Haji alimsikiliza, kisha akamuuliza, "Bi Zuwena, siku ile kwa Ami Nassor, uliniamini?"

"Hapana," mama akasema. "Sikukuamini. Nilikataa kusema nisichokijua tu."

Haji akainamisha kichwa. Akasema hilo ni kubwa zaidi kuliko kama angemwamini, maana angemwamini ingekuwa ni huruma, na huruma huja na kuondoka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Utasikia habari za vita na za mauaji, za kale na za jana, za Unguja na za Uingereza na za kwingineko. Siku hizi zinakuja kwenye simu kabla hujafungua macho, mtu kamtumia mtu aliyemtumia mtu. Usiwe mwepesi kuamini wala usiwe mwepesi kutupa. Aliyeshinda ana jambo aliloliona, na aliyeshindwa ana lake, na aliyekimbia kabla mambo hayajaisha ana hofu yake ambayo nayo ni ushahidi, ushahidi wa hofu. Uliza kila mmoja alikuwa wapi. Na zaidi ya wote, jiulize wewe mwenyewe. Habari inayokupendeza, ile inayomtia hatiani mtu ambaye tayari unamchukia, ndiyo uichunguze mara mbili. Hizo nyingine utazichunguza bila ya kuambiwa. Ukifika pahali hujui, sema hujui. Haitakupunguzia heshima. Na ukiwa umeona kwa macho yako, basi sema, hata kama chumba kizima kimekukodolea, kwa sababu kunyamazia ulichokiona nako ni uongo.

Mungu akupe macho yanayoona na ulimi usiotangulia macho. Akuepushe na kumdhulumu mtu kwa maneno ya wengine, na akuepushe na kudhulumiwa hivyo hivyo. Akukutanishe na walimu wa kweli katika miji ya watu, akuweke hai mpaka uwe na wa kumsimulia, na wazee wako waliotangulia wakuone wakiwa radhi nawe. Amin.